Lami Mpya Juu ya Udongo Laini: Kutafuta Kiini Tabaka la Nyongeza Linapoharibika Mapema

Barabara ya lami inapoanza kuchoka, pendekezo linalotangulia mezani karibu kila mara ni kuitandikia tabaka jipya la lami juu ya lile la zamani. Pendekezo hilo lina mantiki, kwa kuwa tabaka la nyongeza huipa barabara nguvu, hurudisha usawa wa uso wake, na hufanyika bila kufunga njia kwa miezi. Hata hivyo unene wa tabaka hilo hauamuliwi na lami peke yake. Unaamuliwa kwa sehemu kubwa na ukakamavu wa udongo wa chini, yaani udongo uliobeba matabaka yote ya barabara, ambao wengi saiti huuita sabgredi. Ukakamavu huo ukikadiriwa vibaya, hata lami iliyochanganywa na kushindiliwa vizuri hupasuka katika masika ya kwanza au ya pili, na mkandarasi hulaumiwa kwa kosa lililofanyika ofisini.

Mwongozo huu unafuata dalili kama zinavyoripotiwa na wasimamizi wa matengenezo, hasa katika maeneo ya udongo mweusi wa mbuga kama yale ya Shinyanga na Simiyu nchini Tanzania, au tambarare za Athi nchini Kenya. Chini ya kila dalili, sababu inayoonekana mara nyingi zaidi ndiyo inayotangulia.

Kabla ya dalili yoyote: shuka mtaroni

Kipimo cha kwanza hakihitaji mashine. Pima kimo cha kutoka sakafu ya mtaro hadi mgongo wa barabara. Kanuni inayotumika sana katika nchi za joto ni kwamba kimo hicho kisipungue milimita 750. Kikiwa chini ya hapo, au mtaro ukiwa umejaa mchanga na majani, maji husimama kando ya barabara na kupenya taratibu hadi chini ya msingi. Tazama pia mabega, yaani kingo za barabara zilizo nje ya njia ya magari. Unyevu wa udongo hubadilika zaidi katika ukanda wa takribani mita moja kutoka ukingo wa lami kwenda ndani, na kama bega halikufungwa kwa lami, ukanda huo ndio unaokanyagwa na matairi ya nje ya malori.

Kuzibua mtaro hakuna sherehe ya uzinduzi, na pengine ndiyo sababu kazi hiyo huachwa hadi lami mpya iwe imekwisha kutandikwa. Utaratibu ulio sahihi ni kinyume chake: maji yaondolewe kwanza, udongo upewe muda wa kukauka, kisha ndipo upimwe.

Dalili ya kwanza: nyufa za ngozi ya mamba zimerudi juu ya lami mpya

Sababu ya kawaida kabisa ni kwamba nyufa za zamani zilifunikwa bila kutibiwa. Chukua picha au michoro ya ukaguzi uliofanyika kabla ya kazi na uilinganishe na hali ya sasa. Nyufa mpya zikifuata njia zilezile na kuzunguka viraka vilevile, tabaka jipya limerithi ugonjwa wa lile la chini. Ili kuhakikisha, toboa kipande cha mviringo cha lami juu ya ufa. Ufa ulio mpana chini na mwembamba juu umepanda kutoka chini. Ulioanzia juu na kuishia katikati ya lami umetokana na kukakamaa kwa bitumeni kutokana na jua na umri, na hapo udongo wa chini hauna hatia. Tiba ya nyufa zilizorithiwa ni kukwangua lami iliyochoka au kuikata na kuijaza upya kabla ya kutandika tena. Kuongeza milimita 20 juu yake kutachelewesha tu siku zitakapoonekana.

Sababu ya pili ni udongo wa chini uliolowa. Baada ya mvua, angalia kama nyufa zinatapika tope laini lenye rangi ya udongo wa chini, kwa maana tope hilo ni ushahidi kwamba magurudumu yanasukuma maji yaliyonaswa ndani ya barabara. Kipimo kinachofuata ni DCP, fimbo yenye koni ya nyuzi 60 na kipenyo cha milimita 20, inayopigiliwa kwa nyundo ya kilo 8 inayoanguka kutoka kimo cha milimita 575. Lami itobolewe kwanza, kisha kila pigo liandikwe pamoja na kina koni ilichozama. Fimbo ya kawaida hufika takribani milimita 800, na ikiungwa hufika milimita 1,200. Kwa uhusiano unaotumiwa na wengi katika ukanda wetu, ambao kwa koni hiyo husema kuwa logi ya CBR ni 2.48 ukiondoa mara 1.057 ya logi ya milimita kwa pigo, udongo unaoruhusu milimita 20 kwa kila pigo una CBR (kipimo cha nguvu ya udongo, kwa asilimia) ya karibu 13, wa milimita 40 una karibu 6, na wa milimita 60 una 4 tu.

Pigilia katika njia ya matairi ya nje, halafu katikati ya mstari wa barabara kwenye sehemu ileile. Endapo nje ni dhaifu sana kuliko katikati, maji yanaingia kutoka begani na jibu liko kwenye bega na mtaro. Endapo pote ni dhaifu sawasawa, chunguza kama maji ya ardhini yako karibu, au kama udongo wenyewe ni mbuga iliyojengewa tuta fupi mno la kuinulia barabara.

Sababu ya tatu ni magari mazito kuliko yaliyohesabiwa. Madhara ya ekseli hayaongezeki sambamba na uzito wake. Kwa kipeo cha 4.5, ekseli ya tani 10 huharibu barabara kama ekseli sanifu za tani 8.16 zipatazo 2.5, na ya tani 13 huharibu kama ekseli sanifu 8. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari imeweka ukomo wa tani 56 kwa gari zima, lakini msanifu anapaswa kutumia takwimu za mizani iliyo kwenye njia husika, kwa kuwa barabara hubeba malori yaliyopo wala haibebi yale yaliyoandikwa katika sheria.

Sababu ya nne, inayofichika zaidi, ni unene uliotokana na moduli isiyo sahihi ya udongo, yaani namba inayoeleza ukakamavu wake. Hiyo imeelezwa kwa urefu chini ya dalili ya nne.

Pa kusimama: DCP ikionyesha CBR iliyo chini ya 3 katika sehemu yenye urefu wa maana, acha kusanifu tabaka la nyongeza. Mwongozo wa usanifu wa Tanzania wa mwaka 1999 una madaraja matatu ya udongo, S3, S7 na S15, na la chini kabisa linaanzia CBR 3. Udongo ulio chini ya hapo unahitaji tiba ya pekee, kama vile kuchimbuliwa, kubadilishwa au kuchanganywa na chokaa, na uamuzi huo ni wa mhandisi wa udongo.

Dalili ya pili: mabonde ya matairi

Bonde linaweza kuzaliwa ndani ya lami au chini kabisa kwenye udongo, na tiba za hali hizi mbili hazifanani hata kidogo. Weka ubao mnyoofu wa mita 2 kukingama njia ya matairi na utazame umbo lake. Bonde jembamba lenye kingo zilizofura kila upande kwa kawaida ni la lami yenyewe, iliyosukumwa pembeni kwa joto na mzigo. Hali hiyo huonekana zaidi kwenye miinuko na vituo vya mabasi, mahali ambapo magari mazito huenda polepole. Katika hali hiyo ukakamavu wa udongo hauhusiki, na tabaka jipya juu ya lami inayotambaa nalo litatambaa. Kwangua kwanza.

Bonde pana, lenye kina kinachopungua polepole na upana unaozidi sana upana wa matairi pacha, huashiria udongo wa chini uliobonyea. Huambatana na nyufa, na mara nyingine bega lililo kando yake huinuka. Uthibitisho hupatikana kwa kukata mfereji mwembamba kukingama njia na kutazama mistari inayotenganisha matabaka. Mstari wa juu ya udongo ukiwa umepinda kufuata bonde, chanzo ni udongo. Ukiwa umenyooka, tafuta kosa kwenye msingi au lami.

Usikate mfereji huo katika barabara inayopitisha magari bila kibali, alama za tahadhari na watu wa kuongoza magari, na kabla ya kukata uliza mamlaka za maji, umeme na simu kuhusu nyaya na mabomba yaliyopita chini.

Dalili ya tatu: nyufa ndefu kandokando, hasa wakati wa kiangazi

Katika maeneo ya mbuga nyufa hizi ndizo zinazowachanganya watu zaidi, kwa sababu hutokea hata pale DCP ya kiangazi inapoonyesha udongo mgumu kama tofali. Udongo mweusi hufura unapolowa na hunywea unapokauka. Chini ya katikati ya barabara unyevu hubaki karibu uleule mwaka mzima, ilhali kingoni udongo hupanda na kushuka kila msimu, na lami hupasuka kwa urefu pale mienendo hiyo miwili inapokutana. Miti inayonyonya maji mengi, mikaratusi kwa mfano, huongeza tatizo ikiwa karibu na tuta.

Tabaka nene la lami haliwezi kuzuia mwendo wa udongo wa aina hiyo, na fedha zitakazotumika kuongeza unene zitakuwa zimetupwa. Kinachosaidia ni kufunga mabega kwa lami, kuyapeleka maji mbali na mguu wa tuta, na kulaza miteremko ya tuta ili ukanda unaokauka na kulowa usogee nje ya njia ya magari. Zipo hali zinazolazimu udongo wa kingoni uchimbuliwe na kubadilishwa.

Ikiwa upande mmoja wa ufa umeshuka kuliko mwingine, na ufa wenyewe umepinda kama mwezi mchanga kuelekea mteremko, hapo tuta zima linateleza. Ondoa magari upande huo na umwite mhandisi wa udongo siku hiyohiyo.

Dalili ya nne: vipimo havipatani, au hesabu imetoa lami nyembamba kuliko macho yanavyoamini

Hapa ndipo makosa ya gharama kubwa hutokea, na hutokea kimyakimya. Ripoti moja inasema moduli ya udongo ni megapaskali 107, nyingine inasema 35, na zote mbili zimetoka kwenye barabara ileile, huku kila mpimaji akiapa kwamba mashine yake haina kasoro. Mara nyingi wote wawili wako sahihi, ila namba zao hazizungumzii kitu kimoja.

Kinachosahaulika zaidi ni marekebisho ya moduli iliyokokotolewa kutokana na mbonyeo. Mashine ya kudondosha uzito huangusha mzigo kwenye bamba la kipenyo cha milimita 300, na vihisi vilivyopangwa kwa mstari hupima jinsi uso unavyobonyea. Vihisi vya mbali husoma hasa udongo wa chini. Katika mbinu ya mwaka 1993 ya AASHTO, chama cha maafisa wa barabara wa majimbo ya Marekani, moduli ya udongo ni 0.24 mara mzigo, ikigawanywa kwa mbonyeo na umbali wa kihisi. Kwa mzigo wa kilonewtoni 40 na mbonyeo wa milimita 0.10 kwenye umbali wa milimita 900, jibu ni megapaskali 107. Lakini mbinu hiyohiyo inaagiza kwamba kabla namba hiyo haijaingia kwenye mlinganyo wa usanifu, izidishwe kwa kigawe kisichozidi 0.33, kwa kuwa mlinganyo ulijengwa juu ya majaribio ya barabara yaliyofanyika Ottawa, jimbo la Illinois, kati ya 1958 na 1960, ambako udongo wa mfinyanzi ulipewa moduli ya paundi 3,000 kwa inchi ya mraba, yaani karibu megapaskali 21, kwa kipimo cha kimaabara. Kwa hiyo 107 inakuwa 35.

Tofauti hiyo si ndogo. Katika mlinganyo huo idadi ya ekseli zinazovumilika hukua kwa kipeo cha 2.32 cha moduli ya udongo. Moduli ikikuzwa mara tatu, barabara kwenye karatasi huonekana kuweza kubeba magari karibu mara 13. Nimefanya hesabu kwa ekseli sanifu milioni 5, kiwango cha uhakika cha asilimia 90, mtawanyiko wa 0.45 na upungufu wa ubora wa 1.7. Kusahau kigawe peke yake hupunguza unene unaotakiwa kwa milimita kati ya 90 na 100 za lami. Pale ambapo tabaka la nyongeza lilipaswa kuwa la milimita 120, mtu atatandika 30 na kuamini kwamba ameokoa fedha za umma.

Ukaguzi wake ni mwepesi: muulize aliyetoa ripoti kama moduli imerekebishwa au la, na utake jibu kwa maandishi. Kosa la kinyume nalo lipo. Ipo programu inayorekebisha yenyewe, na mtumiaji akaja kurekebisha mara ya pili, lami ikawa nene bila sababu.

Sababu inayofuata ni msimu. Kazi za upimaji hupangwa kiangazi kwa sababu magari yanapita vizuri na posho zimetoka, lakini barabara huharibika masika. Chukua mfano wa udongo wenye megapaskali 80 kwa miezi tisa na 30 kwa miezi mitatu ya mvua. Wastani wa kawaida ni 67.5. Ukiupa kila mwezi uzito kulingana na madhara yake, kwa kutumia kipeo kilekile cha 2.32, moduli inayostahili kutumika ni karibu 49 tu, na miezi ile mitatu peke yake inasababisha zaidi ya robo tatu ya uharibifu wa mwaka. Kwa sababu hiyo kipimo kimoja cha mwezi Agosti hakitoshi. Pima mwishoni mwa masika, na kama haiwezekani, chukua sampuli, uziloweshe maabara kwa siku nne kama utaratibu wa CBR unavyotaka, kisha ulinganishe. Nilishiriki kazi moja ya Kanda ya Ziwa ambayo vipimo vyote vilichukuliwa Septemba. Kufikia Aprili iliyofuata tulikuwa tunaziba viraka kwenye lami ambayo haijamaliza hata mwaka.

Kuna pia ubadilishaji wa CBR kuwa moduli. Kanuni ya zamani inazidisha CBR kwa 10.3 kupata megapaskali, na nyingine, ya Uingereza, hutumia 17.6 mara CBR kwa kipeo cha 0.64. Kwa CBR 5 zinapatana, 52 na 49. Kwa CBR 10 zimeachana, 103 na 77. Kwa udongo mgumu zaidi ya hapo, ile ya kwanza haifai kabisa. CBR ni kipimo cha udongo kuhimili kuchomwa hadi uvunjike, wakati moduli ni kipimo cha jinsi unavyobonyea na kurudi. Uhusiano wao ni wa ujirani kuliko wa damu.

Isiyo ya kawaida sana, lakini yenye kudanganya, ni mwamba au tabaka gumu lililo mita chache chini. Hesabu inayodhani kwamba udongo unaendelea bila kikomo itasoma ugumu wa mwamba kama sifa ya udongo. Dalili yake ni moduli inayoonekana kupanda kadiri unavyotumia kihisi cha mbali zaidi. Dalili hiyo hiyo huletwa na udongo wa mfinyanzi unaolainika chini ya mzigo mkubwa, maana mbali na bamba mzigo ni mdogo na udongo huonekana mgumu. Kutenganisha hali hizi mbili kunahitaji kutoboa ardhi na mtu mwenye uzoefu wa kukokotoa upya mibonyeo. Asiye nao asibahatishe.

Joto la lami hubadilisha zaidi mbonyeo wa katikati ya bamba. Kwa vihisi vya mbali athari yake ni ndogo, hivyo usilitumie joto kuwa kisingizio cha moduli ya udongo isiyoeleweka.

Dalili ya tano: kilomita moja imeoza, inayofuata ni nzima

Msanifu alichukua wastani wa njia yote. Barabara inayotoka mlimani kwenye changarawe nyekundu na kushuka mbugani ina tabia mbili, na unene mmoja utakuwa mwingi juu na haba chini. Chora mbonyeo wa kila kituo kwa mfuatano wa kilomita, ugawe njia katika vipande vyenye tabia moja, na kwa kila kipande utumie thamani ya moduli ambayo asilimia 90 ya vipimo vinaizidi, badala ya wastani. Mpaka wa vipande uhakikishwe kwa miguu, kwa kuwa rangi ya udongo mtaroni na aina ya majani huonyesha mbuga inapoanza mapema kuliko jedwali lolote. Sehemu fupi zilizo mbovu mno zichimbuliwe peke yake kabla ya kutandika, ili zisilazimishe kilomita nzima kupewa lami nene.

Dalili ya sita: lami imezama juu ya kalavati

Mara nyingi ni kifusi cha kando ya kalavati ambacho hakikushindiliwa vizuri, na kukijaza na kukisawazisha kunatosha. Lakini ikiwa uso unazama tena wiki chache baada ya kujazwa, au maji yanayotoka upande wa chini yamebeba udongo, kuna uwezekano wa viungo vya bomba kuachana na udongo kumomonyoka kuelekea ndani, ukiacha tundu ambalo lami bado imelifunika. Usipitishe rola wala lori la kokoto juu yake. Funga njia hiyo, weka mchepuko, na usimruhusu mtu aingie ndani ya kalavati kukagua mpaka mhandisi wa miundo afike.